Ndege Njema, Ndege Mbaya: Elimu ya Dalili kutoka Ujjain hadi Unyanyembe

Neno ndege katika Kiswahili limebeba maana mbili tangu zamani. Ya kwanza ni kiumbe mwenye mabawa, na ya pili ni dalili, yaani jambo linaloonekana au kusikika pasipo kutafutwa, ambalo mtu hulichukua kuwa habari ya mambo yajayo, likaitwa ndege njema likiashiria heri na ndege mbaya likiashiria shari. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alizisajili maana zote mbili katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, na kamusi sanifu iliyoandaliwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 ikazihifadhi. Kiswahili hakiko peke yake katika jambo hili. Kisanskriti, lugha ya kale ya ibada na elimu nchini India, kina neno shakuna, ambalo nalo ni ndege na ni dalili kwa wakati mmoja. Waarabu walitumia neno tair kwa ndege na kwa bahati ya mtu. Wagiriki wa kale walisema oionos kwa ndege mkubwa awindaye na kwa ishara ya mambo yajayo. Na neno auspicium la Warumi limeundwa kwa kuunganisha neno la ndege na neno la kutazama.

Ikiwa watu waliokaa mbali kiasi hicho walifikia kulipa neno moja mizigo ileile miwili, basi kutazama ndege hakuwezi kuhesabiwa kuwa hazina ya taifa moja, wala udhaifu wa taifa moja. Kilichowatenganisha ni yale yaliyofuata baada ya kutazama: nani aliyekusanya maneno ya watabiri, aliyapanga kwa utaratibu gani, aliyatupa yapi, na kubwa zaidi, kama aliyataja majina ya walioyasema. Kwa kipimo hicho, India ya kale na Unyamwezi ya karne ya 19, yaani nchi ya Wanyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora, magharibi ya Tanzania ya leo, zinaweza kuwekwa bega kwa bega, na ulinganisho huo unaonyesha hasara ambayo wasomi wa Afrika Mashariki bado hawajaipa uzito unaostahili.

Nchini India orodha za kwanza za dalili hazikuwa vitabu vya utabiri, bali zilikuwa sehemu ya vitabu vya ibada. Sura ya 13 ya Kaushikasutra, kitabu cha taratibu za ibada kilichoshikamana na Veda ya nne, katika maandiko matakatifu ya kale ya India, iitwayo Atharvaveda, yote inahusu adbhuta, yaani mambo ya ajabu yanayokwenda kinyume cha kawaida, na kila ajabu imewekewa shanti, ibada ya kutuliza. Mtungaji wa sura hiyo hakujishughulisha sana na kueleza lini au vipi balaa lingetokea. Shughuli yake ilikuwa kumwambia kuhani afanye nini ili lisitokee. Jambo hili linafaa kukumbukwa na kila asomaye habari za waganga wa Afrika, kwa sababu wageni wengi waliandika kana kwamba mganga alikuwa mtu wa kubashiri tu, ilhali kazi yake, kama ya kuhani yule, ilikamilika pale alipotaja dawa au sadaka.

Baadaye dalili zilitoka katika mikono ya makuhani peke yao zikaingia katika elimu ya wanajimu, na hapo ndipo anapojitokeza Varahamihira, mtaalamu wa nyota aliyeishi katika mji wa Ujjain, katikati ya India, katika karne ya 6. Kitabu chake kikubwa, Brihatsamhita, maana yake mkusanyo mkuu, kina sura zaidi ya mia moja zinazogusa mwendo wa sayari, mvua, ujenzi wa nyumba, vito, maumbile ya watu na wanyama, na katikati ya hayo yote kimo kitabu ndani ya kitabu kinachohusu shakuna. Sura zake zinapita kwa mbwa, mbweha, wanyama wa porini, ng'ombe, farasi, tembo na kunguru, kila mmoja na milio yake, mienendo yake, na upande anaoonekana kwa mtu aliye njiani.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini ni namna sehemu hiyo inavyoanza. Kabla ya kusema lolote juu ya ndege yeyote, Varahamihira anawataja waliomtangulia mmoja baada ya mwingine: mafundisho yaliyosemekana kutoka kwa Indra, Shukra na Brihaspati, ambayo mwalimu Rishabha alimfundisha Bhaguri, rai ya Devala, kazi ya Mfalme Dravyavardhana wa Avanti, nchi ya Ujjain yenyewe, ambaye naye alifuata mafundisho ya Bharadvaja, maneno ya wale wahenga saba wa kale, vitabu vya Garga na wenzake, na maandishi ya watu wengi waliotunga vitabu vya yatra. Anaongeza kwamba alitazama yaliyoandikwa kwa Kisanskriti na yaliyosemwa kwa Prakriti, yaani lugha za kawaida za watu, na kwamba alikusanya haya yote kwa kuwapenda wanafunzi wake. Wengine katika orodha hiyo ni miungu na wahenga wa hadithi, wengine ni watu wa historia, na mtungaji hakuona haya kuwaweka pamoja. Hata hivyo alimwachia msomaji njia ya kurudi nyuma na kuuliza kila neno limetoka wapi.

Neno yatra ndilo linaloivuta India karibu na njia ya misafara ya Tabora, kwa maana yatra ni safari, hasa msafara wa mfalme anayetoka na jeshi lake, na Varahamihira mwenyewe alitunga vitabu vingine juu ya somo hilo, mojawapo kikiitwa Yogayatra. Elimu ya shakuna ilikuwa kwa sehemu kubwa elimu ya mtu aliye njiani. Hata nadharia yake imejengwa juu ya mwenda njia: matendo ya mtu katika maisha yaliyopita yanaiva kama tunda, na ndege humpasha habari ya kuiva huko wakati anapotembea. Ndege, kwa fikra hiyo, haleti heri wala shari. Ni mjumbe wa jambo ambalo tayari liko njiani.

Taratibu za kusoma dalili hizo zilikuwa na ukali ambao huenda ukamshangaza msomaji wa leo. Upeo wa macho uligawanywa pande nane, na jua lilihesabiwa kuwa linaziunguza moja baada ya nyingine katika mzunguko wa siku. Upande ambao jua limetoka punde uliitwa wa makaa, upande lilipo uliitwa wa moto, na upande linakoelekea uliitwa wa moshi. Pande tano zilizobaki ziliitwa tulivu. Mlio uleule wa ndege yuleyule ulikuwa na maana moja ukitoka upande tulivu na maana nyingine ukitoka upande wa moto, kwa hiyo msikilizaji alilazimika kwanza kujua jua liko wapi kabla ya kuuliza kunguru amesema nini. Kisha kulikuwa na kanuni za kukataa ushahidi. Mnyama wa kijijini aliyeonekana porini hakuhesabiwa, wala wa porini aliyeingia kijijini. Kiumbe wa mchana hakusikilizwa usiku, wala wa usiku mchana. Na yeyote aliyekuwa mgonjwa, aliyetishwa, aliyekuwa akigombana, aliyekuwa akitafuta nyama, aliyekuwa katika joto la kupandana, au aliyetengwa na msafiri kwa mto katikati, huyo mlio wake uliachwa. Kanuni hizo ni mfano wa hakimu anayewaondoa mashahidi wasiofaa kabla ya kesi kusikilizwa, na zinaonyesha kwamba watu waliozitunga walijua vyema kuwa mbwa anaweza kubweka kwa sababu ana njaa tu.

Miaka kama mia nne baadaye, katika karne ya 10, msomi aitwaye Utpala alikaa na Brihatsamhita akaifafanua aya kwa aya, na kila alipoona Varahamihira amefupisha maneno ya mtu wa kale, alitafuta maneno ya mtu huyo akayaandika pembeni. Kwa njia hiyo sehemu kubwa za mafundisho ya Garga, Parashara na wengineo zimefika mikononi mwa wasomi wa leo zikiwa ndani ya ufafanuzi wa Utpala. Kisha, mnamo mwaka 1168, Ballalasena, mfalme wa Bengali, alianza kukusanya kitabu alichokiita Adbhutasagara, yaani bahari ya maajabu, ambacho mwanawe Lakshmanasena alikuja kukikamilisha. Mpango wa kitabu hicho unafuata mgawanyo wa zamani wa aina tatu: ajabu za mbinguni kama kupatwa kwa jua na mwendo wa sayari, ajabu za angani kama radi na upinde wa mvua, na ajabu za ardhini kama matetemeko na mienendo ya wanyama. Ndani ya kila fungu mfalme aliwapanga wasemaji wake kwa majina, Garga hivi, Parashara hivi, Varahamihira hivi, hata pale walipopingana. Hakuwapatanisha kwa nguvu. Mkusanyaji aliyekuwa na mamlaka ya kufuta rai asizozipenda alichagua kuziacha zisimame pamoja, na kwa uamuzi huo mmoja aliwafaa wanahistoria kuliko washairi wengi wa jumba lake.

India haikuanza peke yake. Wasomi wa Mesopotamia, katika nchi ya Iraki ya leo, walikuwa wamekusanya dalili kwenye vibao vya udongo kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Varahamihira, na katika maktaba ya Mfalme Ashurbanipal mjini Ninawi, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, kulikuwa na mfululizo wa vibao vipatavyo 70 vya dalili za mbinguni na mwingine uliozidi vibao 100 vya dalili za ardhini. Kila sentensi ina umbo lilelile: ikiwa jambo fulani litaonekana, basi jambo fulani litatokea. David Pingree, mwanahistoria wa sayansi wa Marekani, alidai kwamba elimu hiyo ilipita Uajemi ikaingia India wakati wafalme wa Uajemi walipotawala kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Kenneth Zysk, mtaalamu wa Kisanskriti, amelinganisha dalili za kunguru za pande mbili hizo kwa undani. Lakini tofauti moja ni kubwa: vibao vya Mesopotamia vina orodha tupu, ilhali wakusanyaji wa Kisanskriti waliendelea kuwataja walimu wao kwa majina.

Nchi inayoanzia Ziba na mbuga za Wembere, katika Wilaya ya Igunga ya leo, ikaenea kusini-magharibi hadi Tabora na Urambo, ilikuwa na wataalamu wake wa dalili muda mrefu kabla ya mgeni yeyote kuwaandika. Wanyamwezi humwita mtaalamu huyo mfumu, neno linalomkusanya mtabiri na mganga katika mtu mmoja, na kazi ya kutafuta chanzo cha tatizo huitwa kulagula. Mfumu alirithi kazi yake kwa mizimu ya ukoo, au aliitwa kwa ugonjwa, au alijifunza kwa kumtumikia mfumu mkubwa, na elimu yake ilikaa katika macho na vidole kuliko katika maneno, kwa kuwa ilikuwa elimu ya kukipasua kitu na kukitazama. Hapakuwa na kitabu, na hapakuwa na haja ya kitabu, maana mwanafunzi alisimama kando ya mwalimu wake siku zote.

Karne ya 19 iliwaongezea wafumu kazi. Wanyamwezi walikuwa wamekwenda pwani kwa miguu yao wenyewe wakiwa na pembe za ndovu, na kufikia katikati ya karne misafara ilipita kati ya Bagamoyo na Unyanyembe, sehemu ya Unyamwezi yenye mji wa Tabora, kila mwaka, kila mpagazi akibeba mzigo wa karibu frasila 2, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake na chakula chake. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, na mara nyingi mganga wa safari alikuwamo katika msafara au alikuwa ameuaga kwa dawa zake. Mtu aliyetoka Unyanyembe kwenda pwani aliingia pori kavu la Mgunda Mkali, akavuka Ugogo penye hongo nyingi, yaani ushuru wa njia, na maji machache, akajihatarisha kwa ndui na kwa wanyang'anyi, na kurudi kwake hakukuwa jambo la hakika. Mazingira hayohayo, njia ndefu na mwisho usioonekana, ndiyo yaliyowazaa watunzi wa vitabu vya yatra nchini India. Pasipo kudai kwamba mkono mmoja uliuiga mwingine, mtafiti anaweza kusema kwamba safari huzaa elimu ya dalili popote inapokuwa ndefu na ya hatari.

Wahindi wenyewe walikuwapo katika njia hiyo. Musa Mzuri, Khoja kutoka Surat, alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wa kwanza kutoka nje kufika Unyamwezi, akakaa miaka mingi huko na Karagwe. Mitaji ya misafara mingi ilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Zanzibar, ambao wale wa dini ya Kihindu miongoni mwao walifungua madaftari yao mapya kwa ibada wakati wa Diwali, na walipanga mambo yao kwa kalenda ya nyota iitwayo panchanga, ambayo ni mjukuu wa elimu ya Varahamihira. Kwa hiyo mtumba mmoja wa nguo uliweza kuanza safari yake katika saa iliyochaguliwa kwa nyota na kumaliza safari hiyo chini ya dawa ya mfumu.

Richard Burton na mwenzake John Speke walifika Kazeh, kando ya mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu watoke pwani. Kitabu cha Burton kilichotoka mwaka 1860 kina maelezo marefu juu ya Wanyamwezi, na ndani yake imo orodha moja ambayo msomaji wa Adbhutasagara angeitambua papo hapo. Mtemi anapougua, Burton anaeleza, ugonjwa huhesabiwa kuwa ni uchawi, na mganga huitwa. Kuku hupewa dawa, kisha hupasuliwa na kutazamwa. Weusi au dosari karibu na mabawa humaanisha usaliti wa watoto na ndugu. Uti wa mgongo humtia hatiani mama au bibi. Mkia humtaja mke. Mapaja huwataja masuria. Na miguu iliyoumia huwataja watumwa wengine. Baada ya fungu la washukiwa kujulikana, watu wa fungu hilo hukusanywa, kuku wa pili hupewa dawa na kurushwa juu ya vichwa vyao, na yule ambaye kuku anatua juu yake ndiye mkosaji. Kidole gumba chake kilikunjwa nyuma hadi kikagusa kifundo cha mkono ili akiri, na mwisho wake ulikuwa kifo.

Orodha hiyo inatisha, na haifai kulainishwa. Mwili mzima wa kuku umefanywa ramani ya ukoo, bawa kwa bawa na mfupa kwa mfupa, na nafasi ya kila mtu nyumbani mwa mtemi imeandikwa katika nyama ya kuku, wanyonge wakiwa chini kabisa, miguuni. Hapo pia ndipo inapoonekana tofauti ambayo walinganishaji wengi huipita haraka. Shakuna ya msafiri humwambia mtu mwenyewe jambo litakalompata. Kulagula kwa namna ya Burton kunamnyooshea kidole mtu wa tatu. Ya kwanza ni dalili na ya pili ni hukumu. Unyamwezi ilikuwa na zote mbili, kama India ilivyokuwa nazo, na mwandishi anayezichanganya chini ya jina moja la ushirikina humnyima msomaji nafasi ya kuona wapi elimu iligeuka kuwa silaha.

Lakini kasoro kubwa ya maandishi ya Burton iko kwingine. Hakumtaja hata mfumu mmoja aliyemfundisha orodha ile. Hakusema kama aliiona kwa macho yake au aliisikia barazani kwa Snay bin Amir, mwenyeji wake Mwarabu wa Kazeh, wala kama wafumu wawili walikubaliana juu ya maana ya mkia. Msomaji anapewa sauti moja iitwayo Wanyamwezi, kana kwamba nchi nzima ilikuwa na kinywa kimoja. Varahamihira, miaka 1,300 kabla yake, alijua kwamba elimu ya dalili haina kinywa kimoja.

Pwani ilikuwa na hadithi yake. Huko dalili za asili zilikutana na elimu iliyokuja kwa Kiarabu: falaki, yaani elimu ya nyota na saa za heri, na ramli, ambayo jina lake limetoka katika neno la Kiarabu la mchanga. Mwalimu wa ramli huchapa nukta mchangani kwa haraka bila kuzihesabu, mstari chini ya mstari, kisha huzifuta mbili mbili hadi ibaki moja au ziachwe mbili mwishoni mwa kila mstari. Mistari minne hutoa sura moja, na kwa kuwa kila mstari una matokeo mawili tu, sura zote zinazowezekana ni 16, kila moja na jina lake na tabia yake. Sura nne za kwanza huitwa mama kwa sababu nyingine zote huzaliwa kutoka kwao hadi ubao ujae. Mafundisho ya Uislamu yenyewe yalikataza kubashiri kwa ndege na yakaruhusu fali, yaani kufurahia neno jema lililosikika kwa bahati, lakini mipaka hiyo haikuzuia misafara kutafuta saa njema kabla ya kuondoka.

Aliyeziandika desturi hizo kwa Kiswahili safi alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kurani kutoka Bagamoyo, ambaye mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akisimamia kazi hiyo, aliuliza maswali, na Mtoro ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya majibu. Kitabu kilichapishwa mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na jalada lake likabeba jina la Velten. Mtoro alishukuriwa katika dibaji. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Ilipofika mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilipotoka Marekani, ndipo jina lake lilipowekwa mahali lilipostahili tangu mwanzo. Miaka 78 ni muda mrefu kwa mwandishi kusubiri nje ya mlango wa kitabu chake mwenyewe. Mwaka 1901 Velten alikuwa amekwisha kuchapisha Safari za Wasuaheli, ambamo Selemani bin Mwenye Chande anasimulia msafara wake wa bara uliopita Tabora, na hapo angalau kila msimuliaji alibaki na jina lake.

Unyamwezi ilipata wakusanyaji wake wa pili baada ya reli kuingia. Njia ya reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikaanza kufa. Pamoja nayo ikafa kazi ya mganga wa safari, kwa sababu treni haimsubiri bundi. Padri Fridolin Bösch wa Shirika la Mapadri Weupe alichapisha kitabu kikubwa kwa Kifaransa juu ya Wanyamwezi mwaka 1930, na Wilhelm Blohm, mmisionari wa Moravian, akafuata kwa Kijerumani kwa mabuku matatu yaliyotoka Hamburg kati ya 1931 na 1933. Kazi ya Blohm ndiyo inayokaribia zaidi desturi ya Kisanskriti, kwa maana alilitenga buku zima kwa matini za Kinyamwezi, ili msomaji aone maneno yenyewe kabla ya kuona maoni ya mgeni. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alikusanya habari za vyama vya siri vya Wasukuma na Wanyamwezi, wakiwemo Wayeye wacheza nyoka na wafuasi wa Uswezi, na hati zake nyingi zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Wakusanyaji hawa walifanya kazi chini ya kivuli cha sheria. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilimfanya mfumu awe mtu wa kujihadhari, na mtu anayejihadhari hapendi jina lake liandikwe. Sababu hiyo inaeleza ukimya mwingi katika vitabu hivyo, ingawa haielezi wote. Hofu haijaisha. Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, na katika mikoa ya Tabora na Shinyanga maneno ramli chonganishi, yaani ramli inayowagombanisha ndugu kwa kumtaja mmoja wao kuwa mchawi, husikika katika mikutano ya vijiji na katika mahakama. Vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, yaliyochukuliwa kuwa dalili ya uchawi, ni warithi wa yule mama aliyesomwa katika uti wa mgongo wa kuku. Serikali ina haki ya kuizuia hukumu ya namna hiyo, na ina wajibu.

Hata hivyo kuzuia hukumu hakuhitaji kufuta elimu yote iliyoizunguka. Mwanaanthropolojia wa Ubelgiji Koen Stroeken, katika kitabu chake cha mwaka 2010 kuhusu Wasukuma, alionyesha kwamba usomaji wa kuku bado una msamiati wake, shule zake na mabishano yake, na kwamba mteja mara nyingi huenda kwa mfumu zaidi ya mmoja ili kulinganisha majibu. Kulinganisha huko ndiko Ballalasena alikokufanya kwa kalamu. Wanafunzi wa Kiswahili na wa historia wa leo wana mbele yao kurasa za Burton, matini za Blohm, hati za Cory, na wafumu wazee wa Ziba, Nzega na Urambo ambao wangali wanakumbuka walimu wao kwa majina. Aliyemfundisha mfumu fulani maana ya bawa la kuku ni nani, alitoka kijiji gani, na alipingana na nani: maswali ya namna hiyo Utpala aliyauliza juu ya aya nyingi, mjini kwake, akiwa na vitabu vya watu waliokufa zamani. Katika Unyamwezi baadhi ya wanaoweza kuyajibu bado wanakaa nje ya nyumba zao jioni, na wanaweza kuulizwa.